Kikapu, mbegu na daftari: mwongozo kamili kwa maktaba ya mtaa inayotaka kutunza mazingira Lubumbashi

Tarehe 5 Juni ni Siku ya Mazingira Duniani, na hapo ndipo maktaba nyingi za mitaa yetu zinapojikwaa. Watoto wanapangwa mstari, mche mmoja unashikwa na mikono saba, picha zinapigwa. Halafu kila mtu anakwenda kwake. Lakini Juni hapa Lubumbashi ni kiangazi: mvua zimekatika tangu Aprili, na hazirudi kabla ya Oktoba au Novemba. Ikifika Agosti, ule mche ni kijiti cha kufungia mbuzi.

Swali linalonijia kila mwaka ni lilelile: "Tulifanya kila kitu, mbona hakuna kilichobaki?" Na sisi tulianguka vivyo hivyo, katika chumba chetu cha vitabu kule Katuba, komini mojawapo ya Lubumbashi. Tulikuwa na bango kubwa ukutani lenye twiga na tembo, wanyama ambao mtoto wa Katuba hakutani nao akienda kuchota maji. Miezi mitatu baadaye mchwa walikuwa wamekwisha kulisoma bango lote.

Kosa letu lilikuwa kuisahau kazi yetu. Maktaba inaazimisha kitu, inaandika nani amekichukua, na inangoja kirudi. Hiyo ndiyo kazi tunayoijua. Basi katika mwongozo huu tunaazimisha kikapu cha kupikia (kinachomalizia kuivisha chakula bila moto), mbegu na jembe kama tunavyoazimisha kitabu, kwa daftari lilelile.

## Vifaa vya kukusanya kwanza

Usianze hatua hata moja kabla hujaviona vyote mezani.

- Daftari kubwa la jalada gumu, na kalamu iliyofungwa kwa kamba (isiyofungwa haimalizi wiki).
- Mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo, inayofika kilo 50.
- Vikapu 5 vyenye mdomo mpana, au katoni 5 ngumu.
- Magazeti ya zamani, vitabu vilivyokufa kabisa, nyasi kavu, mashuka yaliyochakaa.
- Kitambaa kizito, sindano na uzi.
- Sufuria ya lita 5 yenye kifuniko kinachobana na masikio mafupi.
- Bahasha za karatasi, mitungi ya kioo yenye vifuniko, na majivu makavu yaliyochekechwa.
- Mikebe ya maziwa na chupa za plastiki za kukata, pamoja na msumari wa kutobolea.
- Majembe 2, koleo 1, ndoo 2.
- Ubao mweusi na chaki.

Umeme haumo kwenye orodha, na si kwa kusahau. Mradi unaongoja delestaji, yaani mgao wa umeme, iishe utangoja sana.

## Hatua ya 1: Chagua tatizo moja, lile linalokula pesa ya mama

Lubumbashi ina matatizo ya kutosha: vumbi la migodi, mifereji iliyoziba, mifuko ya plastiki ambayo dekreti ya serikali ya Kongo ya tarehe 30 Desemba 2017 iliikataza lakini bado inaruka na upepo. Usiyashike yote. Chagua makala, yaani mkaa wa kupikia.

Sababu ya kwanza ni kwamba makala yako katika kila nyumba. Ya pili ni kwamba mtu akiyapunguza anaona faida mfukoni mwake kabla ya Jumamosi. Ya tatu ni msitu wenyewe. Katika tanuru za udongo za kienyeji, kilo 1 ya makala inakula kilo 5 hadi 10 za mti. Simama alfajiri kwenye barabara ya Kasenga au ya Likasi uangalie baiskeli zinazosukumwa zikiwa na magunia matatu matatu, kisha zidisha. Miti inayoungua ni ya miombo, msitu wetu wa asili, na ikiondoka inaondoka na uyoga wetu, bowa, na viwavi vya kula, na masuku, matunda ya mwituni. Mambo hayo mama wa Katuba anayajua kuliko wewe. Yeye ndiye anayeona bei ya bowa inavyopanda.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kuandika tatizo lako kwa sentensi moja yenye namba ndani. "Kutunza mazingira" bado si sentensi hiyo. "Familia 5 za avenyu yetu zinatumia makala kilo ngapi kwa wiki?" ndiyo.

## Hatua ya 2: Pima kabla hujasema neno

Tafuta familia 5 zilizo tayari. Mwanzo wa wiki, pima gunia la kila familia kwa mizani ya ndoano na uandike. Siku ya saba upime tena. Tofauti ndiyo matumizi yao. Kama wananunua kidogo kidogo, kwa mafungu au kwa ndoo, waombe wapitishe kila ununuzi kwenye mizani kabla ya kuwasha.

Mama mmoja aliniangalia nikining'iniza gunia lake juu ya mlango, akaniuliza: "Mwanangu, leo makala yamekuwa dhahabu?" Nikamwambia, mama, bado, lakini yako njiani. Alicheka, na wiki iliyofuata alikuwa ameandika mwenyewe ukutani kwa kipande cha makala.

Angalia mambo mawili. Makala yaliyonyeshewa au kumwagiwa maji na mwuzaji yana uzito wa uongo, kwa hiyo yaanike siku nzima kabla ya kuyapima. Na wiki ya matanga au ya wageni usiifute. Iandike "matanga" pembeni na upime wiki nyingine. Ukiifuta, baadaye utabishana na karatasi yako mwenyewe.

Mkiwa bado nyumbani kwao, tazama jinsi wanavyowasha mbabula, jiko la makala. Wengi wanawasha kwa mfuko wa plastiki. Moshi ule ni sumu, na anayeuvuta zaidi ni mtoto anayepepea. Waachie magunzi makavu ya mahindi na karatasi. Na kama ni Juni au Julai, baridi imeingia na watu wanaingiza mbabula chumbani ili walale na joto: sema wazi, bila aibu, kwamba hewa ya makala katika chumba kilichofungwa inaua mtu usingizini, na haina harufu ya kumwamsha.

## Hatua ya 3: Tengeneza kikapu cha kupikia

Hapa ndipo wengi wanakosea, kwa hiyo tutakaa hapa.

Kanuni ni nyepesi. Maharage yanahitaji joto ili yaive, na joto hilo si lazima litoke kwenye moto saa tatu mfululizo. Ukichemsha sufuria vizuri kisha ukaifunika pande zote kwa kitu kisichopitisha joto, inaendelea kupika yenyewe. Bibi zetu walijua kufunika sufuria ya chakula kwa blanketi ili baba akirudi akikute cha moto. Kikapu ni blanketi lile, ila limeshonwa kwa akili.

Kujaza. Chana magazeti vipande vyembamba, uvikunje kunje kwa mkono mpaka viwe vyepesi kama pamba. Hewa iliyonaswa katikati ya karatasi ndiyo inayozuia joto kutoka. Karatasi iliyolala bapa haisaidii kitu. Maktaba ina bahati hapa, maana karatasi haituishii. Lakini kitabu kinachoweza kushonwa, kishone. Tunachana vile tu vilivyooza au vilivyoliwa.

Chini. Weka tabaka la sentimita 10 chini ya kikapu, baada ya kulikandamiza kidogo. Tumia rula. Kila kikapu kilichorudi kwetu na malalamiko kilikuwa chembamba chini, kwa sababu mshonaji anajaza ubavuni panapoonekana na anasahau chini pasipoonekana.

Ubavu. Simamisha sufuria katikati, jaza pembeni kwa unene uleule wa sentimita 10, kisha shona kitambaa juu ya karatasi ili ukitoa sufuria libaki shimo lenye umbo lake. Sufuria iingie kwa kubana kidogo. Ikicheza, hewa ya moto inapanda na kutoka.

Mto wa juu. Shona mto mnene wa sentimita 10 au zaidi, mpana kuliko mdomo wa kikapu. Joto linapenda kupanda, kwa hiyo mto mwembamba unaharibu kazi yote ya chini.

Kujaribu kwa maji. Usipike chakula bado. Chemsha maji lita 4, weka sufuria kikapuni, funika, ondoka. Baada ya saa 3 fungua. Kama una kipimajoto, maji yawe juu ya nyuzi 60. Kama huna, chota kwa kijiko na uguse kwa ncha ya kidole: ukiweza kukiacha kidole ndani, kikapu kimeshindwa. Ongeza karatasi, jaribu tena. Kikapu kisichopita jaribio la maji hakitoki maktabani.

Kupika maharage. Loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka mengine, na uchemshe kwa nguvu dakika 20 kamili, kifuniko kikiwa juu. Dakika hizo usizipunguze. Maharage, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali, na joto la pole la kikapu haliivunji. Tena mji wetu uko juu, karibu mita 1,200, na maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo usifanye ubahili wa dakika. Kisha futa kitako cha sufuria kwa kitambaa kinyevu ili kaa lisibaki limeng'ang'ania, uiweke kikapuni, ufunike, na uzime mbabula. Makala yaliyobaki yaweke kwenye mkebe wenye kifuniko. Yatazimika yenyewe na yatafaa kesho.

Baada ya saa 3, finya harage moja kwa vidole viwili. Likipondeka bila ubishi, rudisha sufuria motoni ichemke tena, tia mafuta, kitunguu na chumvi. Lililo gumu katikati linataka saa moja zaidi, au maharage ni ya zamani na yalihitaji dakika 30 za kuchemka.

Wali ni rahisi zaidi: dakika 5 za kuchemka, saa moja kikapuni, na maji pungufu kidogo kuliko kawaida kwa sababu mvuke hautoki.

Maonyo, na haya yaandike kwenye kadi iliyoshonwa kikapuni kabisa:

1. Sufuria ijae angalau robo tatu. Chakula kidogo kinapoa haraka, na chakula kilichokaa vuguvugu ni nyumba ya vijidudu.
2. Usifunue kuchungulia. Mimi mara ya kwanza nilifunua mara nne kwa saa mbili, nikapata maharage mabichi yenye harufu ya uchachu, na lawama nikazitupa kwa kikapu.
3. Usiache chakula humo usiku kucha. Saa 4 zinatosha, na kabla ya kula kichemshwe tena.
4. Sombe isiingie kikapuni. Majani ya muhogo yana sumu inayotoka na mvuke, kwa hiyo sombe inatwangwa vizuri na kupikwa kwa muda mrefu kwenye sufuria iliyo wazi. Mtu atakayekuambia sombe ya kikapu ni tamu sawasawa, usibishane naye, usile tu.
5. Bukari (ugali) haihitaji kikapu. Inaiva haraka na inataka mkono.

Hatua hii imekamilika siku mama asiye wa maktaba anapopika maharage kwa kikapu chako, wewe ukiwa hupo, na watoto wake wanakula bila kuuliza chochote.

## Hatua ya 4: Azimisha, usigawe

Watu wa misaada hugawa. Kikapu kilichogawiwa bure nimekikuta kimebeba vitunguu sokoni, na kingine kikiwa kitanda cha kuku anayelalia mayai. Simlaumu mtu: kitu usichodaiwa unakitumia upendavyo.

Fungua ukurasa wa daftari wenye safu sita: jina, avenyu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha, alichopika, makala ya wiki. Muda ni wiki 2. Akirudisha, muulize maswali mawili tu, uandike majibu kwa maneno yake mwenyewe. "Maharage yaliiva, wali ulishikana" ni habari bora kuliko "nimeridhika". Wiki ya pili ndiyo unayoipima kwa mizani, maana wiki ya kwanza watu bado wanajifunza na wanachungulia.

Anayekitaka tena anaandikwa upya. Anayekitaka moja kwa moja, mwalike Jumamosi aje na kikapu chake, ajifunze kukijaza. Karatasi ni yetu, mikono ni yake. Kwetu hapo ndipo idadi ilipoanza kupanda bila sisi kusukuma.

Majembe na koleo yanaingia daftari hilohilo, kwa siku 3. Siku moja kabla ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, yatagombaniwa. Yaandikie foleni mapema.

Onyo: usitoze faini ya pesa. Mwenye kikapu kilichochanika ataogopa kukirudisha, utapoteza kikapu na msomaji pamoja. Sisi tunaomba saa moja ya kushona.

## Hatua ya 5: Sanduku la mbegu

Mbegu zinaazimishwa kama kitabu, ila zinarudi zikiwa na watoto. Sheria yetu: ukichukua kijiko kimoja, urudishe viwili baada ya mavuno. Shamba likifa, urudishe sababu, na sababu hiyo tunaiandika kwenye bahasha ya mwaka unaofuata.

Anza na mimea mitatu tu: lengalenga (mchicha), maharage na nyanya. Maharage na nyanya kwa kawaida hujichavusha yenyewe, kwa hiyo mbegu inafanana na mama yake. Mahindi na maboga yanachanganyika na ya jirani, yaache kwanza. Na mbegu za kiwanda zilizoandikwa F1 usizipokee sandukuni: mwaka wa pili zinatoa mmea usioujua.

Lengalenga unaliacha lizae, unakata vichwa vikikauka na kuvikung'uta juu ya kitambaa. Maharage yaache mtini mpaka ganda likitikiswa lilie. Nyanya inataka kazi kidogo: kamua mbegu na maji yake ndani ya kikombe, ziache siku 2 au 3 mpaka juu pafanye utando, kisha osha na uanike kwenye sahani. Usianike kwenye karatasi, zinaganda, utazibandua na kucha.

Kukauka ndiko kunakoamua. Bonyeza harage kwa jino: likiacha alama bado bichi, likikataa, linaingia mtungini. Changanya maharage na majivu makavu ili fukusi wasiyatoboe. Kila bahasha iandikwe jina, avenyu na mwezi.

Kabla ya kuazimisha, jaribu. Weka mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, kunja, weka mahali pa joto, na uhesabu siku ya saba. Zikiota 16 au zaidi, azimisha. Kati ya 10 na 15, mwambie mkopaji apande kwa kusongamanisha. Chini ya hapo wape kuku. Maktaba ikiazimisha mbegu iliyokufa mara moja, haitaaminiwa tena hata kwa kitabu.

## Hatua ya 6: Miche, na tarehe iliyo sahihi

Sasa turudi kwenye ile picha ya Juni. Siku ya Mti katika nchi yetu ni tarehe 5 Desemba, na hiyo ndiyo inayoelewana na mvua za Lubumbashi. Kwa hiyo tarehe 5 Juni usipande. Anza kuandaa kitalu. Watoto wapige picha wakijaza mikebe udongo, ni picha nzuri vilevile. Mbegu ziingie Julai au Agosti, miche iwe na miezi minne hivi ikifika Desemba.

Tumia mikebe ya maziwa na chupa zilizokatwa, zilizotobolewa matundu 4 au 5 chini. Bila matundu mzizi unaoza, na mtoto ataamini ni yeye aliyeua mche. Kitalu kiwe chini ya kivuli chepesi na kimwagiliwe asubuhi. Mwezi wa mwisho punguza kivuli na maji taratibu ili mche uzoee shida.

Moringa na parachichi hazina usumbufu na watu wanazitaka. Mtu akitaka mti wa miombo wenyewe, mpe siri hii: miti ile inaishi kwa kushirikiana na kuvu zilizomo udongoni, ndiyo maana bowa huota chini yake. Changanya konzi chache za udongo uliochukuliwa chini ya mti mama. Bila hivyo mche unadumaa na kuwa wa njano. Masuku pia iko hivyo, na mbegu yake haikai: matunda yanaiva mvua zikianza, na mbegu ipandwe mara tu baada ya kula. Hiyo itasubiri Desemba ya mwaka unaofuata.

Shimo ni sentimita 40 kila upande. Udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Wa juu ndio unaorudi kwanza, karibu na mizizi. Chana au toa mkebe, usizike plastiki. Tandaza nyasi kavu, lakini ziache mbali na shina kwa upana wa kiganja, maana mchwa wa Lubumbashi hawahitaji mwaliko wa pili.

Kisha, daftari. Kila mche unaazimishwa kwa mtoto mmoja kwa jina, kwa mwaka mzima. Analeta habari mwisho wa kila mwezi: majani mangapi, mbuzi amepita au hajapita. Mche wa watu wote hufa kwa kiu kila mtu akidhani mwenzake amemwagilia.

Onyo la udongo, lisiruke. Mtambo wa kuyeyusha shaba ulianza kazi hapa mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi wake ulisukumwa na upepo wa kusini mashariki ukaangukia upande wa kaskazini magharibi. Udongo wa maeneo hayo, kama Penga Penga, una metali nyingi kiasi kwamba sehemu nyingine hata nyasi hazioti. Mboga za majani zinabeba metali hizo, na macho hayazioni. Kama maktaba yenu iko upande huo, au karibu na machimbo, bustani ya mfano ifanyike ndani ya magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mahali safi, na mboga zioshwe kwa maji mengi. Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimechunguza udongo huu. Nendeni mkaulize kabla ya jembe la kwanza.

## Hatua ya 7: Vitabu, hatimaye

Nimeviweka huku kwa makusudi. Anayerudisha kikapu anakuwa na maswali, na mwenye swali ndiye anayesoma. Zamani tulimpa kitabu asiye na swali, akakitumia kupepea mbabula.

Weka rafu moja mlangoni, si ya pili nyuma. Kila kitabu kikae karibu na kitu chake: cha kilimo juu ya sanduku la mbegu, cha lishe karibu na vikapu. Vingi ni vya Kifaransa, na wazee wetu wengi hawakipendi hata wanapokijua. Jumamosi saa nne asubuhi kijana mmoja anasoma kurasa mbili, anaeleza kwa Kiswahili cha hapa, si cha redio, na mtu mmoja anaandika maelezo hayo. Karatasi hizo zishoneni. Baada ya mwaka mtakuwa na kitabu ambacho duka lolote mjini halina.

## Hatua ya 8: Ubao badala ya bango

Pale lilipokuwa bango la twiga sasa tuna ubao. Kila Jumatatu tunaandika mistari minne: vikapu vilivyo nje, vikapu vilivyo ndani, makala yaliyopungua kwa familia zilizopimwa, miche iliyo hai. Iliyokufa tunaiandika pia, pamoja na sababu. Mara ya kwanza kuandika "mbuzi: 3", mwenye mbuzi alikuja kusoma mwenyewe, akaondoka kimya, na kesho yake kamba ilikuwa fupi.

Siku ambapo vikapu vya ndani vinazidi vya nje kwa wiki mbili mfululizo, usiitishe mkutano. Chukua kimoja, ingiza mkono mpaka chini, na upime unene wa karatasi kwa rula. Mara nyingi utakuta imelala bapa, sentimita nne.